Ningu Alimalizwa Mlangoni

Muulize Karani wa Ufuoni: safu ya maswali ya wasomaji

Barua za mwezi huu nimezisomea barazani, mvua ikipiga mabati mpaka redio nikaizima. Karibu zote zinauliza kuhusu samaki wapandao mito, na sikushangaa maana msimu wao ndio huu. Kwa mgeni wa safu hii: nilikuwa karani wa samaki upande wa mdomo wa mto Nzoia, kazi yangu mizani na daftari. Kabla ya hapo nilikuwa mjukuu wa mtega migono. Ninayojibu yametoka pande hizo mbili, na kwenye vitabu vichache nilivyoazima nikachelewa kurudisha.

*Shikamoo mzee. Nauza samaki Kibuye hapa Kisumu. Marehemu mama alitusomesha kwa ningu wa moshi, lakini mimi naweza kumaliza mwaka bila kumwona ningu hata mmoja. Wavuvi wanasema mbuta aliwala wote. Ni kweli? Na juzi niliuziwa samaki nikaambiwa ni ningu, nami nikauza hivyo hivyo. Mzee mmoja akanirudishia, akanisuta mbele ya watu kwamba huyo ni fwani. Nitawatambuaje?*
*Mama Samaki, Kibuye*

Marahaba, mama, na pole kwa kusutwa. Nianze na hilo la fwani kwa sababu ndilo la pesa.

Mlaze samaki mezani, pitisha kidole mbele ya pezi la mgongoni. Fwani ana mwiba pale, mgumu, utausikia. Ningu hana, pezi lake ni laini tangu mwanzo hadi mwisho. Usianze na midomo kama wengi wanavyofanya, maana wapo fwani wenye midomo minene ya kudanganya. Ukishamaliza mwiba ndipo umgeuze chali utazame kinywa. Cha ningu kiko chini ya pua, kimeelekea tumboni, na midomo yake ina vishungi vidogo kama ukingo wa mkeka uliochakaa. Tia kidole ndani. Hutakuta jino hata moja tayani. Meno yake yako kooni.

Kinywa cha namna hiyo ni cha kukwangua. Ningu hapigi mbio kumfukuza samaki mwenziwe, yeye analamba mwani na uozo laini juu ya mawe na matope. Ukimpasua utakuta utumbo mwembamba uliojizungusha tumboni mara nyingi, kwa kuwa chakula cha majani na matope kinataka njia ndefu ndipo kitoe shibe. Fwani yeye hachagui: wadudu, konokono, mbegu, majani, vyote halali. Na fwani hukua akawa jitu, wakati ningu mkubwa hatimizi nusu mita.

Kuna na mifupa. Ningu ana vijimifupa vyembamba ndani ya nyama, vyenye panda kama manati, ndiyo maana mama yako alimchanja ubavuni chale za karibu karibu kabla ya kumkaanga. Mafuta yakiingia kwenye zile chale, vijimifupa vinakauka na kutafunika. Kijana asiyejua hilo humla ningu mara moja akaapa hatamrudia.

Sasa hilo la mbuta, yaani sangara. Mbuta ana makosa mengi na mimi si wakili wake, lakini kosa la kwanza la kumpunguza ningu si lake. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 upande wa Uganda, na kwetu hakushamiri mpaka miaka ya 1980 ilipoingia. Kufikia hapo ningu alikuwa ameshaporomoka zamani. Mwaka 1965 mtafiti D. A. Cadwalladr aliandika kuhusu jambo hilo hilo: uvuvi wa ningu unavyokufa, na jinsi mbinu za jadi za kuvua katika Nzoia zinavyokufa pamoja nao. Mwaka 1965, mama. Mbuta wa kula ziwa zima alikuwa bado.

Aliyemmaliza ni wavu, na mahali alipomalizwa ni mlangoni. Samaki huyu huishi ziwani, kisha mito inapojaa hupanda kwenda kutaga. Kabla ya kupanda hukusanyika kwenye midomo ya mito, Nzoia, Yala, Nyando, Sondu, Kuja, majike wakiwa wamejaa mayai, wakingoja maji yapande. Nyavu za kutega ziliingia Ghuba ya Winam mwaka 1905, na shabaha yao mwanzoni ilikuwa ngege, yaani tilapia wa ziwani. Ngege alipoanza kupungua, serikali ikamleta Michael Graham kupima ziwa mwaka 1927 na 1928, na kutokana na kazi yake ikaja sheria kwamba jicho la wavu lisipungue inchi 5. Wavu wa jicho kubwa hivyo, ningu wengi huupita. Lakini wavuvi walikwenda wakipunguza jicho kimyakimya, nyavu za nailoni zikaingia, na mwaka 1961 Kenya nayo ikaiondoa sheria ile. Basi wavu wa jicho dogo ukikingwa kwenye mdomo wa mto wiki ya kwanza ya masika, humvui samaki mmoja. Unamvua yeye na watoto wake wote ambao hawajazaliwa.

Wako watakaosema mbona hata wazee walitega mtoni. Kweli, walitega. Babu yangu alikuwa na uzio wa matete na miti kukata mto, ule ambao jirani zetu Wajaluo huuita kek, na migono imepachikwa kwenye mapengo. Lakini migono mingi ya babu ilitazama juu. Iliwanasa wanaoteremka, ambao tayari wameshataga. Sidai babu alikuwa malaika wa mazingira. Alisema tu kwamba ningu anayepanda ana kazi, anayeteremka hana, na kwamba mto ukifura uzio huvunjika kwa vyovyote. Ukivunjika, samaki hupita. Wavu wa nailoni hauvunjiki.

*Mzee, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Nakuru. Mwalimu wa baiolojia alitutajia samaki anayepanda mto kutaga. Kwa nini ajisumbue hivyo wakati ziwa ni kubwa? Na mbona hapa kwetu Ziwa Nakuru hayuko?*
*Mwanafunzi, Nakuru*

La Nakuru ni fupi. Maji ya Nzoia yanaanzia Cherangany na Mlima Elgon na kuteremkia magharibi. Yenu yanaingia kwenye Bonde la Ufa na hayana pa kutokea. Hakuna njia ya maji inayounganisha huku na huko, na hata angefika, ziwa lenu ni la magadi. Samaki aliyejulikana hapo kwa miaka mingi ni tilapia mdogo wa Ziwa Magadi, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960 ili ale viluwiluwi vya mbu. Wari, wale ndege wala samaki, ndio waliofurahi kuliko watu.

Swali lako la kwanza ndilo lililonifanya niweke kikombe chini.

Nilikuwa na umri wa miaka minane hivi. Babu aliniamsha usiku, koroboi mkononi. Mvua ilikuwa imekatika lakini mto ulisikika kutoka nyumbani, unanguruma. Hatukwenda mtoni. Tulikwenda kwenye uwanja wa nyasi ambako mchana nilichunga mbuzi, na maji yakanifika magotini mahali ambapo jana yake nilikuwa nimekaa. Nyasi zilikuwa zinatikisika na upepo hakuna. Chapu, chapu, kama watu wanafua nguo gizani. Babu aliposhusha taa nikaona migongo, mingi, imejitokeza juu ya maji kwa kuwa maji yenyewe hayakutosha kuifunika. Akamshika jike mmoja, akambinya tumbo kidogo juu ya bakuli la maji, mayai yakamwagika kama uwele, kisha akamwachia. Asubuhi nilipolitazama bakuli nilidhani kuna mtu amebadilisha kilichomo. Kila punje ilikuwa imefura, imezungukwa na maji angavu, na nukta moja katikati.

Hayo niliyoyaona kitoto, Geoffrey Fryer na Peter Whitehead waliyachunguza na kuyaandika mwaka 1959: jinsi ningu anavyozaliana na jinsi kiinitete chake kinavyokua. Jina lake la kisayansi, Labeo victorianus, alipewa na George Boulenger mwaka 1901, na hapatikani popote duniani isipokuwa katika bonde hili la Ziwa Viktoria na mito yake.

Sasa fikiria kama samaki. Ziwani kuna vinywa vingi. Ngege amelitatua hilo kwa kubeba mayai na watoto kinywani; jike huvimba mashavu akakosa hata kula. Kamongo dume hukaa kwenye shimo la kiota akilinda. Ningu hafanyi lolote la hayo. Hutaga, akaondoka. Kinga yake ni mahali na wakati. Nyasi zilizofunikwa na maji jana hazijapata samaki wa kuwinda bado. Maji ni ya kina kifupi, jua linayatia joto, na ule udongo uliokuwa mkavu unatoa vijidudu visivyoonekana kwa macho, chakula cha mtoto ambaye kinywa chake ni tundu la sindano. Mayai hukua haraka, na hayana budi, kwa sababu uwanja ule utakauka. Wazazi nao hawakai. Maji yakianza kushuka wanageuka, na anayechelewa hukutwa asubuhi kwenye dimbwi na mtoto mwenye ndoo. Wadogo husombwa na maji kidogo kidogo hadi mtoni, kisha ziwani.

Safari hii yeye huifanya mara mbili, masika na vuli, ambazo ndizo mvua zetu mbili. Watafiti Justus Rutaisire na Anthony Booth waliandika kuhusu uzazi wa ningu wa mto Kagera na mto Sio, na Sio ni mto wetu pia, unapita Busia.

Mwalimu wako akitaja samoni, mwambie kwa adabu kwamba ningu si samoni. Samoni hutoka baharini. Ningu anazaliwa, anasafiri na kufa bila kuonja chumvi. Na hafi akishataga, kama samoni wengine wa Pasifiki. Huteremka ziwani akangoja mvua ijayo.

*Je, ni kweli kamongo ni mkunga?*
*Dereva wa bodaboda, Mbale*

Si kweli. Kamongo ana mapafu na huja juu kuvuta hewa. Mkunga wa kweli, yule samaki mrefu kama nyoka, hayupo ziwani kwetu. Yuko mito iendayo Bahari ya Hindi, kama Tana na Athi, na safari yake ni kinyume cha ya ningu. Hukulia mtoni, kisha hushuka baharini kutaga. Kama mmewekeana dau, aliyesema kamongo ni mkunga alipe.

*Mzee, kwetu Budalang'i mafuriko yakija tunakimbilia mashuleni na ng'ombe wetu. Daiki ikivunjika ndiyo tunakula samaki wa bure kwenye mashamba. Sasa nasikia wataalamu wanasema mafuriko ni mazuri kwa samaki. Wanataka tufe ili samaki waishi?*
*Kijana wa daiki*

Kijana, hasira yako ninaijua. Nimelala kwenye dawati la darasa la pili na mke na watoto, mbuzi wamefungwa kwenye nguzo ya bendera. Hakuna mtaalamu mwenye haki ya kukwambia mafuriko ni mazuri kama hajawahi kuona godoro lake likielea.

Ila yote mawili ni kweli kwa pamoja na hakuna anayependa kuyasema pamoja. Ule ukuta wa udongo unaozuia mto usiingie kwako ndio huo huo unaomzuia ningu asifike kwenye nyasi. Kabla ya daiki, Nzoia ya chini ilipofura ilitandaa taratibu pande zote mbili, maji ya magotini, kama yale ya usiku wa babu. Sasa mto umebanwa katikati, una kasi na matope, hadi siku ukuta unapasuka mahali pamoja na maji yanaingia kama lori. Samaki unaowaokota shambani siku hiyo wamesukumwa humo. Wengi ni mumi, yaani kambale, maana mumi huvumilia chochote, na yeye pia hutaga kwenye nyasi za mafuriko. Ukitazama vizuri pengine utamkuta ningu mmoja.

Mimi nisingebomoa daiki hata moja. Nisemalo ni dogo zaidi. Vipo vipande vya kinamasi na nyasi karibu na mdomo wa mto, na kandokando ya Kinamasi cha Yala, ambavyo havina nyumba, na kila mwaka kipande kimoja kinalimwa, kingine kinachomwa. Hivyo ndivyo ningeviacha. Hata mafunjo yana kazi: huchuja matope yanayotoka kwenye mashamba ya juu. Matope yakizidi, mawe yanafunikwa na yule mkwanguaji wa mwani anakosa cha kukwangua. Wanaochota mchanga mtoni kwa malori nao wanachota meza yake ya chakula, ingawa ukiwaambia hivyo watakucheka, kama nilivyochekwa mimi.

Na nyinyi vijana mnaokinga nyavu kwenye mdomo wa mto mwezi wa nne, kamati ya ufuo inajua, na mimi najua mnajua. Omena, dagaa wa ziwa letu, ana miezi yake ya kupumzika, tangu 1 Aprili hadi 31 Julai, na watu wamezoea wakalalamika wakanyamaza. Wiki tatu za kuuacha mlango wazi si nyingi kuliko hiyo. Mwaka mmoja nikiwa bado na daftari, nilipima kapu la ningu lililoletwa alfajiri, la kwanza baada ya muda mrefu. Nikaandika kilo, nikaandika bei. Kisha nikawapasua watano kwa hiari yangu. Wanne walikuwa na mayai hadi kwenye koo la tumbo. Katika daftari hapakuwa na safu ya kuandikia hilo, nikaliandika pembeni kwa penseli. Mkubwa wangu akalifuta kwa sababu linachafua ukurasa.

*Shikamoo. Nina mabwawa mawili Bumala, ngege na mumi. Kama ningu ana bei hivyo, kwa nini tusimfuge?*
*Mfugaji, Bumala*

Marahaba. Swali lako lina akili kuliko barua zote, samahani kwa wengine.

Inawezekana, na imeshafanyika. Rutaisire na Booth niliowataja juu walichapisha mwaka 2004 namna ya kumfanya ningu atage akiwa amefungiwa, mayai yakaanguliwa vizuri. Ugumu uko kwenye yale niliyomweleza mwanafunzi wa Nakuru. Ukimweka ningu bwawani atakula, atanenepa, atajaa mayai, kisha atangoja. Anangoja mto ufure, na bwawa lako halifuri. Ngege hahitaji ruhusa ya mtu, ukigeuka tu bwawa limejaa vitoto. Ningu anataka alama, na alama hiyo kituoni hubadilishwa na sindano ya homoni, kisha mayai hukamuliwa, huchanganywa na mbegu za dume na kuatamishwa kwenye maji yanayotembea. Kazi hiyo haifanyiki na ndoo na imani. Inataka kituo na mtu aliyefunzwa.

Bwawani kwenyewe hana tabu. Chakula chake ni kile kinachoota na kinachooza chini, kwa hiyo hagombani na ngege waziwazi. Mumi ndiye wa kuogopa. Usiwachanganye wakiwa wadogo, maana mumi ataamka mnene na wewe utabaki na hesabu ya vifaranga kwenye karatasi.

Lipo jambo moja ninalokuomba, na nimewaambia wengine pia. Usiende kuvua ningu wenye mayai kwenye Sio au Nzoia eti unatafuta mbegu ya kuanzia. Utawaua njiani kwa joto la ndoo, na waliobaki watakaa bwawani wakingoja mafuriko ambayo hayaji. Ngoja vifaranga vya kituoni. Nenda kituo cha uvuvi kilicho karibu nawe, uliza kwa jina, ningu, waandike kwamba kuna mtu wa Bumala anamtaka. Wakiulizwa na wafugaji kumi watafikiri. Wakiulizwa na mmoja watampa ngege. Nami nikisikia mahali vinapouzwa nitaandika hapa, pamoja na bei, kama karani.